Zimwi Ndani ya Kitabu Kitukufu: Historia ya Usimulizi Upya wa Kutisha na Kudhihaki, kutoka Riwaya ya Kiswahili hadi Dowa na Dzaleka, Malawi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya utanzu uliopata umaarufu katika Kiingereza mwaka 2009, ambamo mwandishi huchukua riwaya ya kikale inayoheshimika, huacha sehemu kubwa ya maneno yake mahali pake, kisha huingiza maiti wanaotembea ili msomaji aogope na kucheka kwa wakati mmoja. Tunadai kwamba tendo lenyewe si geni katika eneo letu. Limefanywa na watunzi wa riwaya ya Kiswahili, na kwa nguvu zaidi na vinyago vya Gule Wamkulu vya Wachewa, katika nchi ambayo leo imeizunguka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Tofauti ni kwamba kwetu kitisho hakijawahi kuwa salama. Makala yanalinganisha hofu iliyopewa umbo la sanaa na hofu ya uvumi, kwa kutumia mfano wa uvumi wa wanyonya damu nchini Malawi, na yanamalizia kwa mapendekezo kwa wanaopanga ufundishaji wa Kiswahili na huduma za utamaduni kwa wakimbizi.

1. Utangulizi

Mwaka 2009 kampuni ya Quirk Books ya Philadelphia, Marekani, ilichapisha Pride and Prejudice and Zombies. Jalada lilitaja waandishi wawili: Jane Austen, aliyefariki mwaka 1817, na Seth Grahame-Smith. Sehemu kubwa ya maneno yalikuwa ya Austen, kutoka riwaya yake ya mwaka 1813. Kilichoongezwa ni maiti waliofufuka, ambao wanavamia mashamba ya mabwanyenye wa Uingereza huku mabinti wa nyumba wakiendelea kutafuta wachumba. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilitoa Sense and Sensibility and Sea Monsters ya Ben H. Winters, na mwaka 2016 kitabu cha kwanza kikatengenezewa filamu. Wahakiki wengi walikichukulia kuwa mzaha uliobuniwa vizuri, uliowezeshwa na jambo la kisheria: hakimiliki ya Austen ilikuwa imekwisha zamani, hivyo hakuna aliyeweza kuwazuia.

Katika makala haya tutauita utanzu huu mwigo wa kutisha na kudhihaki. Ili ufanikiwe unahitaji masharti mawili. La kwanza ni kwamba hadhira iijue na kuiheshimu matini asilia, kwa maana asiyeijua hawezi kucheka inapovurugwa. La pili ni kwamba kitisho chenyewe kiwe mbali na maisha ya msomaji. Mwingereza au Mmarekani aliyenunua kitabu hicho mwaka 2009 hakuwa na jirani aliyeshukiwa kufuga wafu. Aliweza kuucheka ufufuo kwa sababu hakuuogopa.

Katika eneo letu sharti la kwanza limetimia mara nyingi. Sharti la pili halijatimia, na hapo ndipo penye swali la makala haya: mwigo wa kutisha na kudhihaki hufanya kazi gani pale ambapo kitisho si mchezo? Jibu linatafutwa katika hatua tatu. Tunaanza na riwaya ya Kiswahili, kisha tunaingia katika wilaya ya Dowa na jiji la Lilongwe, ambako matini iliyodhihakiwa haikuwa riwaya bali Biblia ya misheni. Mwisho tunafika Dzaleka, ambako wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi wamekuwa majirani wa vinyago hivyo.

2. Riwaya ya Kiswahili na mahali pa kitisho

Riwaya za kikale za Kiingereza zilimfikia msomaji wa Kiswahili kwa njia ya tafsiri za zama za ukoloni. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alihusika na tafsiri kadhaa, zikiwamo Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, zote za mwaka 1929. Tafsiri hizo zilisomwa sana shuleni na zikawa mfano wa namna ya kuandika riwaya.

Jambo moja halijasisitizwa vya kutosha. Katika riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, ambayo ndiyo asili ya Mashimo, kitisho chote kimewekwa Afrika. Kuna Gagool, kizee mchawi anayeonekana kana kwamba hafi, na pango ambamo maiti za wafalme zimegeuka mawe. Wageni wa Kiingereza wanaingia humo wakiwa na akili timamu, wanatoka na almasi. Hivyo msomaji wa Kiswahili alikabidhiwa kitabu kitukufu ambamo zimwi lilikuwa yeye mwenyewe, au babu yake. Pride and Prejudice and Zombies inalitoa zimwi lilikozoea kuwekwa na kulipeleka katika bustani ya Mwingereza. Watunzi wa Kiswahili walikabiliwa na kazi ngumu zaidi: kulipokea zimwi walilopewa na kulielekeza kwingine.

Shaaban Robert aliifanya kazi hiyo katika Adili na Nduguze (1952). Kiini cha hadithi kinatoka katika Alfu Lela Ulela, katika kisa cha mtawala ambaye ndugu zake wawili wamegeuzwa mbwa naye amelazimishwa kuwapiga kila usiku. Shaaban anawageuza ndugu hao manyani, anawaita Hasidi na Mwivu, na anamweka Adili chini ya mfalme anayetaka kujua kwa nini mtu mwema afanye jambo baya hivyo. Hapa hakuna dhihaka kubwa, lakini tendo la msingi ni lilelile: matini inayojulikana inachukuliwa, na kitisho chake kinafanywa kuwa kesi. Kinachoulizwa ni haki iko wapi pale ambapo mateso yamekuwa desturi ya kila usiku.

Muhammed Said Abdulla alikwenda mbali zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale (1960), riwaya iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, inamchukua Sherlock Holmes wa Conan Doyle na kumfanya Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake na rafiki yake Najum. Maiti inakutwa mahali pa mizimu. Kama riwaya ingefuata desturi ya Haggard, mizimu ingekuwa jibu. Abdulla anaifanya kuwa pazia tu. Nyuma ya pazia kuna wanadamu wenye tamaa na siri za ukoo, na Bwana Msa anawafikia kwa kufikiri. Ucheshi wa riwaya hiyo unatokana na msomaji kuyajua mambo mawili kwa pamoja: namna mzungu alivyozoea kusimulia juu ya mizimu yetu, na namna watu wa mtaani wanavyoitumia mizimu hiyohiyo kuficha makosa yao.

Hatua ya tatu ilikuja baada ya uhuru kuchakaa. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), mzee aliyekufa anamrudia mjukuu wake, mtu wa tabaka la watawala, na kumlazimisha kuyaona matendo yake. Msomaji anayeijua hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens ya mwaka 1843 atalitambua umbo hilo la tajiri anayezungushwa na mizuka. Kwa Dickens, tajiri anaamka asubuhi na kununua bata mzinga, na dunia inarudi katika utaratibu wake. Kwa Said Ahmed Mohamed makosa yaliyofichuliwa ni ya dola nzima, na ukarimu wa mtu mmoja hautoshi kuyalipa. Mwelekeo wa historia hii unaonekana wazi. Zimwi lilianza kama sifa ya Mwafrika katika kitabu cha Mwingereza, likawa pazia la mhalifu, na mwisho likawa shahidi dhidi ya mtawala.

3. Dowa na Lilongwe: kinyago kinasoma Biblia

Nchini Malawi kitabu kitukufu cha kwanza kusambaa vijijini hakikuwa riwaya. Kilikuwa Biblia. Mwaka 1889 wamisionari wa Kanisa la Kiholanzi la Afrika Kusini walifungua kituo cha Mvera, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Dowa. Kitenzi cha Kichewa kilichomo katika jina hilo kina maana ya kusikia na kutii. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni ya Mua mwaka 1902. Biblia nzima katika lugha hiyo, Buku Lopatulika, ilitoka mwaka 1922. Kusoma na kuandika, shule na wokovu vilifika katika jalada moja.

Wachewa walikuwa na taasisi yao ya mafunzo na mazishi: chama cha Nyau na ngoma yake, Gule Wamkulu, yaani ngoma kuu. Wachezaji huvaa vinyago vya mbao, manyoya, ngozi na matambara, na kwa mujibu wa kanuni ya chama wao si watu. Ni roho za wafu au wanyama wa porini waliotoka dambwe, mahali pa siri karibu na makaburi. Huja kwenye matanga, kwenye unyago na kwenye kutawazwa kwa machifu. Wanatisha, na watoto huwakimbia kwelikweli. Wakati huohuo wanachekesha, kwa sababu kila kinyago kina tabia yake ya kuigiza na wimbo wake wa kusuta.

Misheni ilipoanza kupambana na Nyau, hasa kwa kuwakataza wanafunzi na wakristo kushiriki, Nyau walijibu kwa njia waliyoijua. Waliwaingiza watu wa Biblia katika kundi la wafu. Vikatokea vinyago vya Simoni, mwenye jina la mtume Petro na uso mwekundu wa mzungu; Maliya, mwenye jina la Mariamu; na Josefe. Matthew Schoffeleers na Ian Linden walieleza kwa kina upinzani wa Nyau dhidi ya misheni za Kikatoliki, na Padre Claude Boucher, mwanzilishi wa kituo cha utamaduni cha Kungoni pale Mua mwaka 1976, aliorodhesha na kufasiri mamia ya vinyago hivyo. Kwa vigezo tulivyoweka mwanzoni, Simoni na Maliya ni mwigo wa kutisha na kudhihaki uliokamilika. Hadhira inaijua matini, kwa kuwa imefundishwa shuleni. Majina yameachwa kama yalivyo. Kilichoongezwa ni maiti.

Kinyago cha Simoni, hata hivyo, hakikuwa mzaha wa wasioamini. Wengi waliokitazama walikuwa wamebatizwa, na baadaye baadhi ya makasisi wenyewe walikiona kama mlango wa mazungumzo. Dhihaka ililenga madai ya misheni kwamba ndiyo pekee iliyokuwa na mamlaka juu ya wafu. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza Gule Wamkulu kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika kwa niaba ya Malawi, Msumbiji na Zambia.

Haifai kukipamba chama hiki kupita kiasi. Nyau walitumia vitisho vya kweli dhidi ya wanafunzi na wasio wanachama, na chini ya Rais Hastings Kamuzu Banda, aliyejitambulisha kuwa Mchewa, ngoma hiyo ilichezwa pia kwa heshima ya dola. Kinyago kinaweza kumsuta mwenye nguvu, na kinaweza kuajiriwa naye.

Dola hiyohiyo iliogopa vinyago vya kwenye karatasi. Sheria ya udhibiti wa machapisho na burudani ya mwaka 1968 iliweka bodi ya kukagua vitabu, filamu na michezo ya kuigiza. Washairi wa Chuo Kikuu cha Malawi wakajifunza kusema kwa mafumbo, wakitumia hadithi za asili ambazo mkaguzi hangeweza kuzishtaki kwa urahisi. Jack Mapanje, ambaye diwani yake Of Chameleons and Gods ilichapishwa London mwaka 1981, alikamatwa mwaka 1987 na kuzuiliwa bila mashtaka katika gereza la Mikuyu hadi mwaka 1991. Kisa chake kinaonyesha bei ya kusimulia upya pale ambapo mtawala ndiye anayedai kuwa mwandishi pekee.

4. Dzaleka: gereza linalosimuliwa upya

Kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe, katika wilaya hiyohiyo ya Dowa, iko Dzaleka. Jina limejengwa juu ya kitenzi kuleka, yaani kuacha: aliyepelekwa huko hatarudia tena. Wilaya moja ina Mvera na Dzaleka, mahali pa kutii na mahali pa kuachishwa. Katika utawala wa Banda Dzaleka ilikuwa gereza lililotumika pia kwa wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994, mwaka ambao utawala huo uliondolewa kwa uchaguzi, eneo hilo lilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda.

Kiswahili cha Kivu, Katanga na Bujumbura kilikuja na watu hao, na kimekuwa lugha ya sokoni na ya majirani, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kichewa. Historia ya Kiswahili katika Malawi ni ndefu kuliko kambi. Wafanyabiashara wa pwani walikaa Nkhotakota, kando ya ziwa, tangu katikati ya karne ya 19. Lakini Dzaleka ndipo mahali ambapo lugha hiyo leo inasikika kila siku katikati ya nchi ya Wachewa. Mwaka 2014 mshairi na mwanamuziki Mkongo Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana kwa jina la kisanii la Menes la Plume, alianzisha kambini Tamasha la Tumaini. Wageni kutoka Lilongwe na nje ya nchi hulala katika nyumba za wakimbizi na kutazama muziki, ngoma na maigizo. Neno la Kiswahili limekuwa jina la tukio la kitaifa katika nchi ambayo kwa lugha yake kuu tumaini ni chiyembekezo.

Kukutana huko kunafungua swali la kifasihi. Zombi wa filamu za Marekani ana ndugu katika lugha zetu, naye ni msukule, ambaye Malawi, na hata kusini mwa Tanzania, huitwa ndondocha. Lakini ndugu hawa hawafanani tabia. Zombi wa kitabu cha mwaka 2009 hula ubongo. Msukule halili mtu, analima. Ni mtu ambaye jamaa wameshamzika na kumlilia, kumbe yuko katika shamba la mwingine usiku, hana sauti na hana ujira. Kitisho chake ni kitisho cha kazi iliyoibwa. Imani hiyo iko karibu zaidi na asili ya zombi katika Haiti, nchi ya watumwa wa mashamba ya miwa, kuliko na sinema.

Tukiichukua tofauti hiyo kwa uzito, mwigo wa Austen ulioandikwa na mtu wa Dzaleka haungefanana na ule wa Philadelphia. Bwana Darcy ana mapato ya pauni 10,000 kwa mwaka, na riwaya haisemi ni mikono ya nani inayoyazalisha. Mwandishi anayemjua msukule hangewaleta wafu getini wavunje madirisha. Angewakuta tayari shambani, wakilima, na angeuliza kwa nini hakuna aliyewaona katika kurasa zote zilizotangulia. Kitisho kingeongezwa mahali ambapo matini asilia ilinyamaza. Huo ni uhakiki wa riwaya, na ni uhakiki ambao lugha yetu inao tayari katika neno moja.

Kwa mkimbizi neno hilo lina uzito wa karibu zaidi. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo mwaka 1987, ikiwa imeweka masharti kadhaa yanayogusa ajira, umiliki wa mali na uhuru wa kwenda utakako, na sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 1989 imetekelezwa pamoja na sera ya kuishi kambini. Mwezi Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi walioishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei polisi waliwakamata mamia katika Lilongwe na kufunga maduka yao. Baadhi walipitia magerezani kabla ya kufikishwa kambini, wakiwamo watoto. Mtu aliyekuwa na duka Jumatano na Alhamisi akawa hesabu ya mgawo wa chakula hahitaji kufafanuliwa maana ya kuwa hai bila kuhesabiwa kuwa mtendaji wa kazi yako mwenyewe. Gereza la zamani lilisimuliwa upya, na majina mengine yaliachwa kama yalivyo.

5. Hofu isiyo na kinyago

Hadi hapa tumezungumzia kitisho kilichopewa umbo. Kipo kitisho kingine kisicho na mtunzi. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alifuatilia uvumi wa wanyonya damu katika Afrika Mashariki na ya Kati wakati wa ukoloni: wazimamoto wa Nairobi na Kampala, mumiani wa pwani, banyama wa Rhodesia ya Kaskazini, batumbula wa Katanga. Alionyesha kwamba masimulizi hayo yalibeba maarifa ya watu kuhusu kazi, tiba na dola iliyochukua bila kueleza.

Malawi ina historia yake ya jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka 2002, wakati wa njaa, ulienea uvumi kwamba serikali ilikuwa ikibadilishana damu ya wananchi kwa msaada wa chakula, na Rais Bakili Muluzi alilazimika kukanusha hadharani. Septemba na Oktoba 2017 uvumi ulirudi katika wilaya za kusini. Makundi ya watu yaliwaua watu wasiopungua 8 walioshukiwa kuwa wanyonya damu, Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe, na amri ya kutotoka usiku ikawekwa. Waliolengwa walikuwa wageni, wasafiri na watu wasiofahamika kijijini. Kwa jamii ya wakimbizi, ambayo kila mmoja wake ni mgeni kwa mujibu wa sheria, habari hizo haziwezi kusomwa kwa utulivu. Nao waliotoka Katanga walishawajua batumbula kabla ya kuvuka mpaka.

Uvumi na mwigo vinatumia malighafi moja: damu, wafu, mgeni, mwenye nguvu asiyeonekana. Tofauti iko katika umbo. Kinyago cha Simoni kina mwanzo na mwisho. Kinatoka dambwe, kinacheza, wanawake wanaitikia wimbo, kisha kinarudi kilikotoka, na kila mtu mzima anajua kwamba kesho hakuna wa kupigwa mawe. Riwaya ya Bwana Msa nayo inafungwa kwa kumtaja mhalifu mmoja kwa ushahidi. Uvumi hauna pa kurudi. Hauna mtunzi wa kuulizwa, na unamtafuta mhalifu katika mwili wa mpita njia.

Hatudai kwamba kinyago kingezuia mauaji ya mwaka 2017. Wilaya zilizohusika si kitovu cha Gule Wamkulu, na mauaji hayo yalikuwa na sababu nyingi, ukiwamo umaskini na kutoaminika kwa vyombo vya dola. Tunadai jambo dogo zaidi. Jamii yenye njia za pamoja za kuiigiza hofu yake ina nafasi ya kuichunguza. Jamii inayopewa tu tangazo la kukanusha haina. Tangazo humwambia mwananchi kwamba hakuna kitu. Mwigo unakubali kwamba kipo kitu, kisha unauliza ni nini hasa, na nani anafaidika nacho.

6. Athari kwa sera

Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo Malawi ni mwanachama wake, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Maamuzi haya yanaleta vitabu, walimu na bajeti. Kutokana na historia iliyoelezwa tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, ufundishaji wa Kiswahili nchini Malawi uwatumie wazungumzaji waliopo. Mtaala unaoagiza walimu kutoka mbali huku ukiwapita walimu wa Kikongo na Kirundi walioko Dowa utakuwa umelirudia kosa la riwaya isiyoona wanaolima.

Pili, matini za kikale zifundishwe kama vitu vya kusimuliwa upya, si vya kukaririwa tu. Mwanafunzi apewe Mashimo ya Mfalme Sulemani na aombwe kuiandika upya sura ya pangoni kwa sauti ya mwenyeji. Zoezi hilo linapima uelewa kuliko muhtasari, na mtunzi wake halazimiki kusimulia maisha yake. Hili lina uzito kwa wakimbizi, ambao mashirika na watafiti huwataka mara kwa mara washuhudie mateso yao. Mwigo unampa mtu haki ya kusema ya kwake kupitia kisa cha Darcy au cha Bwana Msa, au kutoyasema kabisa.

Tatu, kamusi na maktaba za kambini zishughulikie Kiswahili na Kichewa kwa pamoja. Neno mzimu lipo katika lugha zote mbili. Msukule na ndondocha vinaelezana. Jozi kama hizi ndizo madaraja ya tafsiri, na hazipatikani katika kamusi zinazopitia Kiingereza.

Nne, wanaokabiliana na uvumi unaohatarisha maisha wawashirikishe mapema wasanii wa maigizo na wazee wa ngoma, wakiwa washauri na si watumbuizaji wa kufungua mkutano. Tahadhari ya sehemu ya tatu ibaki akilini: kinyago kinachoagizwa na ofisi hupoteza haraka haki ya kusuta.

7. Hitimisho

Kitabu cha mwaka 2009 kilimfurahisha msomaji kwa kumwonyesha kwamba hata nyumba yenye adabu nyingi inaweza kuingiliwa na wafu. Wasomaji wa Mzimu wa Watu wa Kale na watazamaji wa Simoni walilijua hilo kwa namna nyingine: wafu walikuwamo tangu mwanzo, na swali lilikuwa nani aliyewaweka humo na kwa faida ya nani. Dzaleka imekusanya watu waliolibeba swali hilo kutoka Kivu, Katanga na Bujumbura, ikawaweka katika gereza la zamani, jirani na ngoma iliyowahi kuijibu misheni kwa vinyago. Hadithi zitakazotungwa hapo kwa Kiswahili na Kichewa zinaweza kuwa mchango mkubwa kwa fasihi ya eneo zima. Sharti lake ni dogo na liko mikononi mwa wanaosoma juzuu hili: watunzi wake watambuliwe kuwa watunzi, wawe na karatasi, walimu na ruhusa ya kusafiri hadi Lilongwe kuzisoma.